Taji Kubwa, Taji Dogo: Kusoma Mihuri ya Heller 20 za Tabora

Katika maduka ya vitu vya kale ya Unguja na Mombasa, heller 20 za mwaka 1916 mara nyingi humwagwa pamoja kwenye bakuli moja na kuuzwa kwa bei moja, kana kwamba zote ni sarafu ile ile. Si ile ile. Ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, ziko za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na ziko ambazo ncha za herufi L katika neno Heller zimepinda na nyingine zimechongoka. Tofauti hizo, ukiacha ile ya metali, zilichongwa kwenye mihuri ya chuma kabla sarafu haijazaliwa, na anayejua kuzisoma anaweza kuinua kutoka bakuli hilo sarafu ambayo muuzaji mwenyewe hajui kuwa anayo.

Naamini hakuna sarafu bora kuliko hii kwa mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kujifunza kutambua mihuri. Ilifuliwa mwaka mmoja tu, mahali pamoja tu. Mwaka hauvurugi hesabu, thamani haivurugi hesabu, na alama ya kiwanda ni T moja kwa zote. Kwa hiyo ukiweka sarafu mbili za metali moja mbele yako na kuona kwamba hazifanani, jibu liko katika mambo mawili: ama tofauti ilitoka kwenye muhuri, ama sarafu iliipata baadaye, mfukoni, ardhini au mikononi mwa sonara. Kutenganisha mambo hayo mawili ndiyo kazi yote ya mkusanyaji wa aina hii, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Orodha za bei zinaweza kungoja.

Kwanza tuone ilikotoka. Vita Kuu ya Kwanza ilipozidi kupamba moto, manowari za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Sarafu zilizokuwa zikiletwa kwa meli kutoka Berlin na Hamburg hazikufika tena, na waliokuwa na rupia za fedha wakazificha. Serikali ilichapa noti za dharura, lakini sarafu ndogo za kulipia vibarua na chakula cha sokoni zilikuwa hazitoshi. Ndipo karakana ya reli Tabora ilipogeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Ilitoa heller 5 ya shaba ya njano, heller 20 ya shaba ya njano na ya shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo. Tangu mwaka 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, kwa hiyo heller 20 ilikuwa sehemu ya tano ya rupia. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na ufuaji ukawa umekwisha.

Karakana hiyo ya reli ndiyo sababu mihuri ya Tabora inasomeka kwa urahisi. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilikuwa na muhuri mama mmoja, na kutokana na huo vilitengeneza mihuri mingi inayofanana mno. Mafundi wa karakana ya reli hawakuwa na anasa hiyo wala mashine yenyewe. Muhuri ulipochoka au kupasuka walichonga mwingine, na mkono wa binadamu haurudii mstari ule ule mara mbili.

Muhuri ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume na kwa kuzama. Kisahani cha shaba huwekwa kati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu, kisha hugongwa kwa nguvu, na shaba hujipenyeza katika kila shimo la muhuri. Kwa hiyo kilichozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Ukilishika jambo hili, nusu ya maswali yako yatajijibu. Mkwaruzo ulioipata sarafu baada ya kufuliwa huzama. Mkwaruzo uliokuwa kwenye muhuri huinuka, uzi mwembamba wa shaba unaopita juu ya uwanja wa sarafu. Muhuri ukipata ufa, sarafu zote zitakazofuata zitaonyesha ufa huo kwa mstari ulioinuka, mara nyingi kuanzia ukingoni na kuingia kwenye herufi au jani. Mstari wa namna hiyo ni zawadi. Ukiukuta mahali pale pale katika sarafu mbili, una hakika zimetoka kwenye muhuri mmoja. Na ukiuona mfupi katika moja na mrefu katika nyingine, umejua pia ipi ilitangulia.

Sheria hiyo ina mipaka yake. Uchafu na grisi vikijaza herufi ya muhuri, herufi hiyo itatoka hafifu au haitatoka kabisa, na mtu atadhani amepata muhuri usio na herufi. Pigo la nje nalo husukuma shaba pembeni, kwa hiyo kando ya tundu la jeraha utaona kilima kidogo kilichoinuka. Tazama kilima hicho kwa makini: ikiwa kina shimo jirani yake, ni jeraha.

Sasa turudi kwenye heller yetu. Wakusanyaji wamezipanga kwa nyuso zake mbili. Uso wenye taji na mwaka una aina mbili, taji kubwa na taji dogo. Uso wenye thamani una aina tatu: ile ambayo ncha ya L ya pili pekee imepinda, ile ambayo ncha za L zote mbili zimechongoka, na ile ambayo L zote mbili zina ncha zilizopinda. Ongeza metali mbili, na unapata meza yenye visanduku 12. Si visanduku vyote vinavyojaa kwa urahisi, na mihuri haikuoana kwa usawa. Muhuri mmoja ulipokufa, mwenzake aliendelea na muhuri mpya. Ndugu yao wa dhahabu, rupia 15, naye ana aina mbili, na kinachozitofautisha ni pambo la mizunguko: katika moja linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A ya kwanza. Ni pambo dogo sana, lakini minada huzitaja kwa majina tofauti.

Taji linahitaji uvumilivu. Ukiwa na sarafu moja tu mkononi, kila taji litaonekana la kawaida. Kubwa na dogo ni maneno ya kulinganisha, kwa hiyo lazima uwe na sarafu mbili, au picha nzuri ya kila aina iliyochapishwa kwa ukubwa mmoja. Usipime taji kwa jicho peke yake. Linganisha nafasi: ni umbali gani kutoka ncha ya juu ya taji hadi ukingo, na kutoka chini ya taji hadi tarakimu za 1916? Ukingo wa sarafu za Tabora haukutoka sawasawa, na wakati mwingine picha imekaa upande mmoja wa kisahani, kwa hiyo kipimo cha kutoka ukingoni kinaweza kudanganya. Vipimo kati ya sehemu mbili za picha yenyewe havidanganyi, kwa sababu vyote vimo ndani ya muhuri mmoja.

Ncha za L ndizo zinazowaponza wengi. Sarafu hizi zilitumika sana, na nyingi zilizotufikia zimechakaa. Ncha iliyopinda ikilika, inabaki kama imechongoka. Grisi ikijaza kipindo, matokeo ni hayo hayo. Muhuri uliochoka nao hutawanya kingo za herufi kuelekea ukingoni, hadi ncha kali inaonekana butu. Kwa hiyo usiamue kwa alama moja. Tafuta ushahidi wa pili kwenye uso ule ule: ncha ya jani fulani inaelekea herufi gani? Herufi T imekaa katikati au imeegemea upande? Chukua sarafu ambayo ncha zake ziko wazi kabisa, ichunguze, andika alama mbili au tatu nyingine za muhuri huo ambazo hazifutiki upesi, kisha zitumie kutambua zile zilizochakaa. Hapo utaanza kuona kwamba ndani ya aina moja ya orodha mna mihuri kadhaa tofauti. Orodha inakupa aina; wewe unaweza kufika kwenye muhuri wenyewe. Huo ndio utafiti wa kweli, na unaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, awe Ujiji, Moshi au Muscat.

Vifaa ni vichache. Kioo cha kukuzia cha mara 10 kinatosha. Cha mara 30 kinakuonyesha chembe za uchafu na kukupotezea sura ya jumla. Taa moja iwekwe chini upande wa kushoto, ili mwanga upite juu ya sarafu kwa mlalo na kila kilichoinuka kitupe kivuli. Izungushe sarafu polepole chini ya mwanga huo. Kuna mstari utakaouona ukiwa umeinuka na ukigeuza sarafu utauona umezama, kwa sababu jicho huhukumu kwa kivuli na kivuli kimehama. Thibitisha kwa mwanga wa pande mbili kabla ya kuandika lolote. Kwa kamera ya simu, weka sarafu zote kwa umbali mmoja na taa upande ule ule, simu ikiwa imelala sambamba na meza. Ukiwa na picha mbili za namna hiyo unaweza kuzilaza moja juu ya nyingine katika programu ya kuhariri picha, ukaifanya ya juu iwe nusu uwazi, na mihuri miwili itajitenga mbele ya macho yako.

Jambo lingine la kuandika ni mhimili. Shika sarafu taji likiwa limesimama wima, kidole kimoja juu na kingine chini, kisha izungushe ili uone uso wa pili. Je, thamani imesimama, imepinduka, au imeinama? Andika kwa saa ya ukutani: saa 12 ikiwa imesimama, saa 6 ikiwa imepinduka, na kati ya hapo vivyo hivyo. Muhuri ambao haukufungwa imara kwenye mashine huhama kidogo kidogo, na sarafu zilizofuatana hubeba kumbukumbu ya kuhama huko.

Herufi zinazoonekana mara mbili zinastahili tahadhari. Kuna urudufu uliomo ndani ya muhuri, pale alama ilipochongwa au kugongwa mara mbili. Huo huwa na umbo la mviringo, una kina, na miisho ya herufi hugawanyika kama njia panda. Kuna urudufu mwingine unaotokea muhuri unapotikisika au kuteleza wakati wa kugonga. Huu wa pili ni bapa, kama ngazi fupi iliyokatwa kwenye ubavu wa herufi, na mara nyingi huifanya herufi iwe nyembamba kuliko kawaida. Ni tukio la sarafu hiyo moja, si aina. Wauzaji wengi huuita aina na kuupandishia bei, nawe una haki ya kukataa.

Kisha metali. Shaba nyekundu iliyokaa miaka 100 hugeuka kahawia, na shaba ya njano nayo hugeuka kahawia. Rangi peke yake haitoshi, na kukwaruza ukingo ili kuona ndani ni kuua sarafu. Njia safi ni kuipima ndani ya maji. Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kipimo kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Shaba nyekundu itakupa karibu 8.9, shaba ya njano itakuwa chini kidogo, karibu 8.5. Kwa sarafu ya gramu 10 tofauti ni kati ya 1.12 na 1.18 hivi, ndiyo maana mizani ya jikoni haisaidii kitu. Hakikisha hakuna povu la hewa lililonasa kwenye herufi. Usishangae pia uzito wa heller hizi kutofautiana sana moja kwa nyingine: visahani vilikatwa kutoka chochote kilichopatikana wakati wa vita, vingine vinene, vingine vyembamba.

Hapa nataka kusema jambo linaloniumiza. Pwani tumezoea kusugua madele na masinia ya shaba kwa ndimu, ukwaju au majivu mpaka yang'ae, na mazoea hayo yamehamia kwenye sarafu. Ndimu na ukwaju ni asidi. Huondoa rangi ya miaka, na pamoja na rangi huondoa ngozi ya shaba yenyewe, pale pale ncha ya L ilipo. Majivu na mchanga hukwaruza. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa lakini haisomeki, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ikiwa ina udongo, iloweke katika maji yaliyotoneshwa, yabadilishe kila siku, na ukiona udongo umelainika uondoe kwa kijiti cha meno cha mti. Ikiwa ina mafuta au gundi, asetoni huvitoa bila kugusa shaba. Itumie mahali penye hewa, mbali na moto. Zaidi ya hapo iache.

Kuhifadhi ni rahisi kueleza na kugumu kufuata, hasa Tanga, Lamu au Dar es Salaam ambako hewa yenyewe ina chumvi. Chumvi ikiingia kwenye shaba huzaa unga wa kijani uliopauka unaokula sarafu kuanzia ndani, na unaweza kuendelea hata baada ya kufutwa. Itenge sarafu yenye unga huo. Epuka mifuko laini ya plastiki ya vinili, ile yenye harufu kali, kwa sababu nayo hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Bahasha za karatasi isiyo na asidi ndani ya chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vinatosha kabisa.

Ukishazoea Tabora, jicho lako litakuwa tayari kwa sarafu nyingine. Heller za shaba za kabla ya vita, kuanzia 1904, zina herufi A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Hizo ni alama za kiwanda, ni hatua ya kwanza tu. Senti zenye tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki nazo hubeba H, KN, SA au I, na zile za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu mwaka huo huo, ni za kupendeza na si ghali. Kwa Waswahili walioko Oman, pendekezo langu ni robo anna za Sultan Faisal bin Turki za mwaka 1315 wa Hijria. Nyingi zilifuliwa Muscat kwa mihuri iliyochongwa huko huko, jina la Sultani likiwa limeandikwa pia kwa herufi za Kizungu, na mihuri yake ni mingi ajabu. Mtu anaweza kuzichambua maisha yake yote.

Sarafu za shaba za Kilwa ni habari nyingine. Zile za Ali bin al-Hasan zina maandishi ya Kiarabu ambayo uso mmoja una vina na uso wa pili, na kwa kuwa hazina mwaka, wanahistoria wanategemea sana ulinganishaji wa mihuri ili kuzipanga. Thamani yake kubwa iko katika tabaka la udongo zilipokutwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Usichimbe, usinunue kwa mchimbaji, na ukionyeshwa, mwelekeze kwenye makumbusho.

Kuhusu bandia, heller za Tabora zimeigwa. Nyingi za kuiga ni za kumiminwa kwenye kalibu, na kumiminwa huacha dalili: vitundu vidogo vya hewa uwanjani, herufi zilizolegea kingo, na mstari wa maungio ukingoni ambao mara nyingi umepigwa msasa. Ukingo ndio wa kuutazama mwanzo, na ndio wauzaji wanaousahau. Dalili nyingine ni majeraha yanayofanana. Sarafu mbili zinaweza kushiriki ufa wa muhuri, lakini haziwezi kushiriki mkwaruzo uliozama mahali pale pale. Zikishiriki, zote mbili zimenakiliwa kutoka sarafu moja. Kagua pia kama juu ya taji pana doa la risasi la sonara, kwani heller nyingi ziliwahi kuvaliwa kama vidani na tundu kuzibwa baadaye.

Anza kwa kununua nne au tano zilizochakaa kiasi, za bei ndogo, na uhakikishe mna taji kubwa na dogo, nyekundu na ya njano. Mwombe muuzaji ruhusa ya kukaa dirishani na bakuli lake. Wengi hukubali wakiona unashika sarafu kwa ukingo na husugui kitu. Kila unayoichukua ipe bahasha yake, na juu ya bahasha andika taji, ncha za L, metali, uzito, kipenyo, mhimili, ufa ukiwepo, mahali ulipoinunua na bei. Aina usiyoweza kuiamua iandikie alama ya kuuliza na uiweke pembeni mpaka upate nyingine ya kuilinganisha nayo.